Njia ya maziwa matano Zermatt: mama mwenye matatizo ya magoti ataiweza?

Swali

Habari zenu ndugu. Mwezi Julai mama yangu, mwenye umri wa miaka 63, atanitembelea hapa Uswisi, nami natamani sana kumpeleka Zermatt tupite njia ya maziwa matano, ili auone mlima Matterhorn kwa macho yake. Kutembea anaweza, ila magoti humsumbua kwenye mteremko. Tuanzie wapi, na saa ngapi?

Jibu la 1

Karibuni sana. Pandeni treni ya handakini hadi Sunnegga, kisha endeleeni kwa gari la kwenye waya hadi Blauherd, iliyo kwenye mita 2,571, na mwendo uanzie hapo. Ziwa la kwanza, Stellisee, haliko mbali, nalo huuonyesha Matterhorn mzima majini, mita zake zote 4,478, ncha ikielekea chini. Hata hivyo ni lazima muwahi, kwa sababu upepo ukishaanza kuvuma maji hupata viwimbi na taswira yote hutoweka. Kwa maoni yangu, atakayefika hapo mchana amekosa jambo lililo bora kuliko yote katika njia hii.

Jibu la 2

Naafikiana na aliyetangulia kuhusu kuwahi, ila kwa magoti ya mama nina neno. Kutoka Stellisee njia huteremka hadi Grindjisee, lililozungukwa na miti ya jamii ya misonobari, kisha Grünsee, ambako watu huogelea ingawa maji ni baridi mno, na hatimaye Moosjisee, lililo chini kuliko yote. Maji ya Moosjisee yana rangi ya feruzi iliyofifia, kwa sababu hubeba unga wa miamba iliyosagwa na barafu ya mlimani. Mpe mama fimbo mbili za kutembelea, na mpumzike kila ziwani. Njia nzima ni chini kidogo ya kilomita 10. Mkiipa siku nzima, hamtakuwa na haja ya kukimbizana.

Jibu la 3

Naongeza kwamba baada ya Moosjisee kuna mlima wa kupanda kuelekea Leisee na Sunnegga, wakati miguu imekwisha kuchoka, kwa hiyo chakula na maji msivimalize mapema. Ikiwa mtakuja kwa gari, liacheni katika kijiji jirani cha Täsch mpande treni, kwani magari ya kawaida hayaruhusiwi kuingia Zermatt.