Maiki nne au nane kwa dramu? Snea yangu inapotea

Dramu_Kisauni: Wenzangu, hamjambo. Narekodi dramu za bendi yetu ya kanisa kwenye chumba kidogo hapa Kisauni, dari iko chini. Nina kadi ya sauti ya njia nne (inapokea maiki nne kwa pamoja), maiki mbili za kondensa, maiki ya SM57 ya snea, ile ngoma ndogo yenye nyaya chini, na maiki ya AKG D112 ya ngoma ya mguu. Jumamosi nimejaribu mipango miwili kwa wimbo mmoja. Kwanza kondensa zote juu, vichwa vimekutana kwa nyuzi 90: matoazi safi, lakini dramu nzima imejibana katikati. Pili ule mtindo wa injinia Mwingereza Glyn Johns, moja juu ya snea, nyingine ubavuni mwa tomu kubwa. Tomu zikanenepa, raha tupu! Lakini nikifungua SM57, snea inalia kama kopo. Nikiizima, mwili unarudi. Nikope ninunue kadi ya njia nane?

FundiMitambo: Usikope, ndugu yangu. Hiyo ni fezi: sauti moja inafika kwenye maiki kwa nyakati tofauti, mawimbi yanafutana. Kama kondensa iko sentimita 90 kutoka ngozi ya snea na SM57 iko 5, tofauti ni 85. Kwa joto letu la nyuzi 30, sauti hukimbia kama mita 349 kwa sekunde, kwa hiyo wimbi la herzi 205 hivi linafika juu limegeuka kinyume na la SM57. Na mwili wa snea uko hapo hapo. Geuza polariti ya SM57, yaani wimbi lake lipinduliwe juu chini, usikilize.

Binti_Majengo: Kabla ya hapo pima kwa uzi, si kwa macho. Ncha ishike katikati ya snea, vuta hadi kondensa ya kwanza, piga fundo, kisha upeleke kwa ya pili. Fundo lisipofika, sogeza stendi. Umbali ukiwa sawa, kugeuza mara moja kunatibu zote mbili. Mie hupima kila wimbo.

Mzee_Likoni: Mwanangu, funga godoro darini, juu ya kondensa. Na usizilaze stendini. Unyevu wa bahari huzitia mikwaruzo. Ziweke sandukuni na vipakiti vya silika vya kunyonya unyevu.

Dramu_Kisauni: Shikamoo mzee, nimesikia. Binti, kondensa ya ubavuni ilikuwa mbali zaidi kwa sentimita 14! Nimeisogeza, nikageuza polariti, snea imerudi na kifua chake, hadi nyaya za chini nazisikia. Mkopo sichukui. Godoro nalifunga kesho baada ya ibada, kisha narekodi upya wimbo wote.