Bastola ndogo ya mfukoni inayouma kiganja: nishuke hadi .32 au .22, au nibadilishe bastola?

Baba Neema, Houston

Salamu kwenu, ndugu. Kwa mwaka mmoja sasa ninamiliki bastola ndogo ya .380 ACP (kipimo cha risasi, kama zilivyo .32 na .22) yenye fremu ya plastiki ngumu, ambayo bila risasi haifiki gramu 300. Kwa kubebeka haina mfano, kwani hukaa mfukoni kama pochi. Lakini kila niendapo kwenye uwanja wa shabaha, nikishamaliza magazini tatu, ngozi iliyo kati ya kidole gumba na cha shahada huwa imewiva, na risasi za mwisho hutawanyika kwa sababu mkono unajikunyata hata kabla sijavuta triga. Mama Neema aliijaribu mara mbili tu akanirudishia. Kinachonitatiza ni kwamba rafiki yangu ana bastola ya zamani ya chuma, nzito karibu mara mbili ya yangu na inayotumia risasi hiyohiyo, nami nilitarajia iwe tulivu kabisa. Kumbe nayo inauma, ijapokuwa kwa namna nyingine. Je, tatizo ni ukubwa wa risasi au ni umbo la bastola?

Fundi Chuma

Ni yote mawili, pamoja na jambo la tatu ambalo hukulitaja. Risasi ya kawaida ya .380 ina kichwa cha takriban gramu 6.2, ile ya .32 ACP gramu 4.6, na ile ya .22 LR gramu 2.6. Kadiri kichwa kinavyokuwa kizito na chenye kasi ndivyo msukumo unaorudi kwenye bastola unavyokuwa mkubwa. Na kwa risasi ileile, bastola ikipungua uzito kwa nusu, nishati inayofika mkononi huongezeka maradufu. Hapo ndipo kibastola chako kinapokuadhibu.

Jambo la tatu ni namna bastola inavyojifungua. Kama hiyo ya rafiki yako ni ya aina ya Walther PPK, muundo wa mwanzoni mwa miaka ya 1930, basi mtutu wake umekazwa kwenye fremu, na hakuna kinachozuia slaidi (kile kipande cha juu kinachokwenda nyuma na mbele) isirudi ila uzito wake wenyewe na ugumu wa springi. Slaidi huanza kurudi papo hapo risasi inapolipuka, ikaligonga fremu kwa pigo moja kavu. Katika bastola za mfumo wa kufunga, mtutu na slaidi hurudi pamoja kwa kitambo kidogo, kisha mtutu huinama na kuachia. Pigo hugawanyika, na springi haihitaji kuwa ngumu mno. Ndiyo maana Glock 42 ya mwaka 2014, yenye gramu 390 hivi, husifiwa kwa upole ingawa ni nyepesi kuliko PPK. Kuhusu PPK, ongeza kwamba mkia wa fremu (sehemu ya nyuma inayokaa juu ya mkono) wa matoleo ya zamani ni mfupi, hivyo mwenye mkono mnene huweza kukwaruzwa na slaidi inaporudi. Matoleo yaliyotengenezwa Marekani kuanzia mwaka 2002 yalirefushiwa mkia kwa sababu hiyohiyo.

Bi Zuhura

Fundi amesema kweli, ila mkono haupimi nishati, unapima pale unapoguswa. Mpini mwembamba hukusanya pigo lote kwenye mstari mmoja wa kiganja, ilhali ule mpana hulitandaza. Halafu tazama kidole chako cha mwisho: kama kinaning'inia hewani, bastola itapinduka juu kila unapofyatua, nawe utalazimika kuishika upya baada ya kila risasi. Magazini yenye kitako kilichorefushwa kidogo hubadilisha mambo kuliko watu wanavyodhani, nayo ni ya bei nafuu. Mimi ningeanzia hapo kabla ya kuuza chochote.

Kwa upande wa shemeji, ningeuliza kwanza kama ana nguvu ya kuvuta slaidi, maana wengi hushindwa hapo kabla ya kufika kwenye msukumo. Beretta 21A ya .22 ina mtutu unaoinuka kwa nyuma, ukaiweka risasi ya kwanza kwa mkono pasipo kuvuta slaidi hata kidogo, na ikifyatuliwa husukuma kidogo sana. Kasoro ni kwamba risasi za .22 huwashwa ukingoni, nazo hugoma mara nyingi zaidi kuliko zile zenye kiwashio katikati.

Mlenga Pole

Msiisahau .32. Kel-Tec P-32, iliyotoka mwaka 1999, haifiki gramu 200 bila risasi, lakini kwa kuwa ni ya mfumo wa kufunga, inavumilika kuliko uzito wake unavyotisha. Angalizo ni kwamba kitako cha risasi ya .32 kina ukingo uliochomoza kidogo. Ukitumia risasi fupi zenye ncha ya shimo, ukingo wa risasi ya juu huweza kuteleza nyuma ya ule wa chini, na magazini ikakwama. Tumia zenye urefu kamili. Tena, usilegeze kifundo cha mkono ukidhani unapunguza maumivu, kwa kuwa bastola nyepesi isiposhikwa imara slaidi hairudi hadi mwisho, na ganda hunasa kwenye mlango wa kutolea maganda.

Baba Neema, Houston

Nawashukuru. Nimenunua kitako kirefu cha magazini, na Jumamosi iliyopita tulikodi Glock 42 pamoja na Beretta 21A uwanjani. Mama Neema alimaliza risasi 50 za Beretta bila kulalamika, akaomba nyingine. Mimi nilifyatua magazini tano za Glock na ngozi yangu haikuwiva, ila kwa suruali ninazovaa kazini haitoshei mfukoni, kwa hiyo ile ya zamani bado sijaiuza. Bi Zuhura, kidole cha mwisho sasa kina pa kukaa, nami nimefika magazini ya nne kabla mkono haujaanza kujikunyata.