Laini imetapeli mtu kwa jina langu, nami siijui. Sheria inasemaje huku Zanzibar?

MchambuziWete:
Asalaam alaykum ndugu zangu. Nipo Wete, Pemba, nina miaka 46, nauza chai na maandazi, na msimu ukifika nachambua karafuu za watu.

Jumatatu niliitwa kituoni. Askari wa upelelezi akanisomea namba ya simu, akaniuliza, "Hii laini yako?" Nikamwambia siijui. Akanigeuzia karatasi. Jina langu, la baba, la babu, tarehe ya kuzaliwa, namba ya kitambulisho cha Taifa, vyote sawasawa. Laini hiyo imemtapeli mtu wa Bara shilingi 380,000 kwa ule ujumbe wa "ile pesa tuma kwenye namba hii". Tokea siku hiyo usingizi sina.

Nimekaa nikavuta kumbukumbu na naona ni wapi. Msimu uliopita alipita kijana na mwavuli anasajili laini. Waliochambua wanajua: ukikaa siku kumi unavunja makonyo, vile vijiti vinavyoshika karafuu, dole gumba linachubuka na ngozi inakuwa nyeusi kwa mafuta ya karafuu. Akaniambia, "Haijasoma mama, weka tena." Nikaweka mara nne. Kila mara anafuta kioo cha kimashine kwa pindo la shati lake, na mie namwonea huruma, naona vidole vyangu vinamchelewesha mtoto wa watu. Laini aliyonipa ni moja.

Sasa naomba kujua. Kuna sheria ya mtu kuibiwa jina lake, au sheria ni ya kuibiwa pesa tu? Na mie hapa ni mshitakiwa au mlalamikaji? Maana kidole ni changu kweli.

KaraniMstaafu:
Waalaykum salaam dada. Sheria ipo. Ni Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, kifungu cha 15: kujifanya mtu mwingine kwa kutumia mfumo wa kompyuta, na simu imo. Adhabu ni faini isiyopungua shilingi 5,000,000, au mara tatu ya faida aliyoipata mkosaji, ipi itakuwa kubwa, au kifungo kisichopungua miaka 7, au vyote viwili.

Wengi huku husema hiyo ni sheria ya Bara. Sivyo. Makosa ya kawaida ya jinai tuna sheria yetu wenyewe, Sheria ya Adhabu Namba 6 ya 2018, lakini posta na simu ni jambo la Muungano, na sheria ya mtandao imetungwa itumike pande zote mbili. Kesi ikifunguliwa hapa, anayeshitaki ni Mkurugenzi wa Mashtaka wa Zanzibar.

Kuhusu kidole: kidole kuwa chako hakukufanyi mkosaji. Kosa linataka nia, na wewe ulidanganywa. Ila usibaki ukijitetea kwa mdomo. Rudi kituoni ufungue lalamiko lako mwenyewe, uandikwe mlalamikaji, upewe RB, yaani namba ya taarifa uliyoripoti polisi, yenye jina lako. Sasa hivi jina lako liko ndani ya faili la mtu mwingine tu, na hapo ndipo pabaya. Nimeziona kesi ambazo mtu alikuwa na haki yake kamili ila hana karatasi hata moja ya kumsemea.

Zamani_Wakala:
Dada, niliwahi kusajili laini barabarani, Chakechake. Unalolieleza ni kweli. Mara nyingi kidole kinasoma mara ya kwanza, ile ya pili na ya tatu inafungua laini nyengine, kisha zinauzwa kwa bei kubwa kwa watu wasiotaka kujulikana. Mimi sikufanya, lakini niliwaona wanaofanya nikanyamaza, na hilo linanisumbua mpaka leo.

Bonyeza *106# ufuate maelekezo, utaona laini zote zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Usiyoijua nenda ofisi ya mtandao wenyewe, si kwa wakala, wakaifunge, na uwaombe maandishi. Mwambie na mpelelezi aulize kila laini imesajiliwa na wakala gani na siku gani. Kusajili hakufanyiki bila ya wakala kuingia kwa namba yake.

MpembaKalifonia:
Pole sana dada yangu. Huku Marekani kila jimbo lina sheria yake ya wizi wa utambulisho. Arizona ndiyo iliyoanza, 1996, na sheria ya nchi nzima ikaja 1998. Kwetu California ni kifungu cha 530.5 cha Sheria ya Adhabu, na kinachofuata, 530.6, nakipenda zaidi: ukiibiwa jina unaripoti polisi wa pale unapoishi, hata kama wizi umefanyika mbali, nao wanalazimika kuandika ripoti na kukupa nakala. Kwa hiyo anachokwambia Karani kuhusu RB kishike kwa mikono miwili.

MchambuziWete:
Mungu awalipe kheri. Nimebonyeza. Zimetoka laini tatu, yangu ni moja. Leo asubuhi nimekwenda ofisini kwao, mbili zimefungwa na karatasi yenye muhuri ninayo. Sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa wetu, kaniandikia barua kwamba ananijua na kazi yangu anaijua. Kituoni nimechukua RB, nimeandikwa mlalamikaji. Nililisoma neno hilo mara mbili kabla sijatoka.

Siku ile ya mwavuli mama yangu alikuwa pembeni yangu kwenye jamvi, na yeye alisajiliwa. Ana miaka 71, simu yake ni ile ya vitufe, hajui hata kutuma ujumbe. Jioni hii nimeichukua nikabonyeza *106#. Zimetoka laini nne.

Kesho tunakwenda naye.