Tupeane uzoefu: Kutunza Spanish moss ndani ya nyumba

Jani Moja
Wakuu, habari zenu. Hapa ni kwa wanaotunza Spanish moss, ule mmea wa nyuzi za kijivu unaoning'inia, sebuleni, bafuni au dirishani. Kitaalamu inaitwa *Tillandsia usneoides*, kwa hiyo tuiite tilandsia tusichoshane. Maswali ni yale yale kila siku: imwagiliwe mara ngapi, mbona imegeuka kahawia, mbona nyuzi zinadondoka zenyewe. Mwenye kujua aeleze kwa vipimo. "Maji kiasi" na "mwanga wa kutosha" havijamsaidia mtu bado.

Naanzisha. Tilandsia si kuvumwani (kuvu na mwani vinavyoishi pamoja, huota kwenye magome ya miti), ingawa inafanana nayo, na si kimelea. Ni ya jamaa ya nanasi. Asili yake ni kuanzia kusini-mashariki mwa Marekani kushuka hadi Argentina, na huko inaning'inia kwenye matawi ya miti bila kunyonya chochote kwenye mti. Ikishakua haina mizizi kabisa. Kuipanda kwenye chungu cha udongo ni kuiozesha.

Fundi Bustani
Niendelee hapo kwenye mizizi, maana mambo mengine yote yanatoka hapo. Chukua lenzi ya kukuzia utazame uzi mmoja ukiwa mkavu. Utaona umejaa magamba madogo ya kijivu kuanzia mwanzo hadi ncha. Magamba hayo ndiyo yanayokunywa. Yakipata maji yanakuwa angavu na kijani cha ndani kinajitokeza. Yakikauka, ukijivu unarudi. Ndiyo maana tilandsia nzima hubadilika rangi ndani ya dakika chache baada ya kuloweshwa.

Utaratibu unaofanya kazi ni huu. Mara moja kwa wiki, asubuhi, izamishe yote kwenye ndoo ya maji ya uvuguvugu wa kawaida wa chumba kwa dakika 20 hadi 30. Itoe, ing'ute vizuri, itundike mahali penye hewa inayotembea. Katikati ya wiki nyunyizia mara mbili au tatu mpaka maji yaanze kudondoka. Umande mwembamba wa sekunde mbili haufiki ndani ya kishungi, unaipoza hewa tu. Chumba kikiwa na kiyoyozi au hewa kavu, zamisha mara mbili kwa wiki. Kukiwa na unyevu mwingi, punguza.

Yakipita masaa manne tangu uitoe majini, ingiza vidole viwili katikati ya kishungi ubonyeze. Pakiwa bado na majimaji, kishungi ni kinene mno au hewa haitembei. Kitaanza kuoza kwa ndani huku nje kikionekana kizima, na siku utakayogundua, nusu imeshakwenda.

Kivuli cha Dirisha
Mkuu Fundi, kwa nini asubuhi? Wengine tunarudi nyumbani jioni ndiyo tunapata nafasi ya kumwagilia.

Fundi Bustani
Mimea mingi hufungua vitundu vyake mchana kuvuta hewa ya ukaa. Tilandsia hufanya hivyo usiku, inaweka akiba, kisha mchana inafunga vitundu na kutumia akiba hiyo kwenye mwanga. Ni mbinu ya mmea unaoogopa kupoteza maji. Ukiilowesha saa mbili usiku, tabaka la maji linakaa juu ya magamba na hewa haipiti. Siku moja haina neno. Miezi mingi mfululizo, inadhoofika, na hatari ya kuoza inaongezeka kwa sababu usiku inakauka polepole. Kama jioni ndiyo nafasi yako pekee, wahi mapema na uache feni ikipuliza kwa mbali.

Mama Vyungu
Mimi naongezea maji yenyewe, hapo wengi wanakosea. Ya mvua ndiyo bora. Ya bomba yakikaa usiku kucha kwenye ndoo iliyo wazi, klorini hupungua, ila kama mamlaka ya maji inatumia kloramini (dawa nyingine ya kusafisha maji), hiyo haiondoki kwa kusubiri. Maji magumu, yaani yenye chokaa nyingi, yanaacha ukoko mweupe juu ya magamba na kuyaziba. Ukiuona, zamisha kwenye maji ya mvua kila mara unapoweza. Maji yaliyolainishwa kwa mashine ya chumvi msitumie kabisa. Chumvi inayobaki humo inaunguza.

Halafu waya. Tafadhali jamani, msitundike kwa waya wa shaba. Shaba ni sumu kwa jamaa hii yote ya nanasi, na maji yakipita kwenye waya yanaishusha moja kwa moja kwenye nyuzi. Mbao zilizopakwa dawa yenye shaba ni hivyo hivyo, hata zikiwa nzuri kiasi gani. Tumia mshipi wa kuvulia samaki, waya wa chuma kisichoshika kutu, au hanga ya plastiki.

Na msiikunje kama nywele za wigi! Itandaze juu ya mshipi mpaka ukiinua dhidi ya dirisha uone mwanga ukipenya kati ya nyuzi. Usipoona mwanga, gawanya mafungu mawili.

Kivuli cha Dirisha
Dada Vyungu, na mbolea? Nimeona watu wanasema haihitaji.

Mama Vyungu
Itaishi bila mbolea, ila itakua kwa kusuasua. Tumia ya okidi au ya bromelia (ndiyo jamaa hii ya nanasi), robo ya kipimo cha pakiti. Pakiti ikisema mililita 4 kwa lita moja, weka 1. Mara moja kwa mwezi, kwenye maji ya kuzamishia, na pale tu inapoonyesha kukua. Soma viambato kwanza: shaba, zinki au boroni zikiwa nyingi, iache dukani. Ncha zikianza kuungua baada ya mbolea, zamisha kwenye maji matupu mara mbili mfululizo na upumzike kutia mbolea miezi miwili.

Jani Moja
Mwanga: ung'avu usio wa jua kali. Kipimo rahisi, weka karatasi nyeupe pale unapotaka kutundika, nyoosha mkono sentimita 30 juu yake wakati jua limepanda. Kivuli chenye kingo laini kinafaa. Kivuli kikali kinamaanisha jua la moja kwa moja, na nyuma ya kioo linachoma. Usipoona kivuli kabisa, hapo ni pa kutundika picha. Taa za LED za mimea zinafaa pia, saa 12 kwa siku. Joto la nyuzi 15 hadi 30 halina tatizo. Baridi ya kuganda ndani ya nyumba haitarajiwi, ila msiibane kwenye kioo cha dirisha usiku wa baridi.

Kivuli cha Dirisha
Yangu ni ya kahawia na kavu. Imekufa au ina kiu?

Fundi Bustani
Zamisha kwa muda wa saa moja, kisha tazama. Sehemu hai itageuka kijani. Sehemu iliyokufa itabaki kahawia au kijivu cha vumbi hata ikilowa. Kisha chukua uzi mmoja uukwangue kwa ukucha: ukikuta kiini cheusi kigumu kama unywele wa farasi na nyama yote imebanduka, huo umekwisha. Ni kiini hicho hicho kilichokuwa kikijazwa kwenye magodoro na viti zamani huko Marekani, baada ya kuozesha ganda la nje. Kata vilivyokufa vyote, usivionee huruma, vinashika maji na kuozesha jirani.

Angalia pia uliponunua. Zile zinazouzwa kwa mapambo ya vyungu mara nyingi zimekaushwa, nyingine zimetiwa rangi. Hizo hata uzizamishe mwezi hazifufuki.

Mama Vyungu
Kuongeza mmea ni kukata tu. Kipande cha sentimita 10 hadi 15 chenye ncha hai kitundikwe peke yake, kitajitegemea. Ukikuta vipamba vyeupe kwenye maungio, ni wadudu waitwao vidung'ata. Tenga kishungi, zamisha kwa muda wa saa mbili, toa wanaobaki kwa ncha ya kijiti cha pamba chenye spiriti, kisha suuza. Dawa za mafuta hapana, zinaziba magamba na mmea unakufa kiu ukiwa ndani ya maji.