Wanafunzi wa usanifu wa samani wanachora vizuri kwenye kompyuta lakini hawajashika randa: naomba ushauri

Mwalimu wa Samani:
Ndugu wanajukwaa, ninafundisha usanifu wa samani katika chuo kimoja hapa Dar es Salaam. Wanafunzi wa mwaka wa kwanza huanza na kompyuta tangu mwanzo, na muhula unapoisha huwa wanachora viti vya kupendeza mno. Shida hujitokeza michoro inapofika karakana: mguu hauna unene wa kutosha kutobolewa tundu, mgongo umepinda mahali ambapo nyuzi za mbao zitakatika, na uso wa meza umegandishwa kwa gundi pande zote bila kuiachia mbao nafasi ya kupanuka wakati wa masika. Nafikiria kuiomba idara muhula wa kwanza wote uwe wa karakana, lakini wenzangu wanahofia kwamba vijana watachelewa kupata ujuzi unaotakiwa na waajiri. Vifaa navyo ni haba, kwani tuna benchi nne kwa wanafunzi arobaini. Nianzie wapi?

Fundi Keko:
Mwalimu, kwetu kijana mgeni hapewi kiti. Hupewa msasa, kisha randa, na baadaye huachiwa mabaki ya mbao ajaribu kuchonga ulimi, yaani ncha ya mbao inayochomekwa kwenye mbao nyingine, na tundu lake. Ulimi huwa takriban theluthi moja ya unene wa mbao, ili kuta mbili za tundu nazo zibaki na nguvu, na kijana aliyeona ulimi mwembamba ukimvunjikia mkononi hahitaji kukaririshwa kipimo hicho. Mashine ya kukatia iwe ya mwisho kabisa. Msumeno wa mkono unampa mtu muda wa kuona anakosea wapi, na hauondoi kidole kwa kufumba na kufumbua.

Mkufunzi Mstaafu:
Swali lako lina historia ndefu. Shule ya Bauhaus, iliyoanzishwa na Walter Gropius mjini Weimar, Ujerumani, mwaka 1919, iliwapitisha wanafunzi katika kozi ya awali ya kuchunguza malighafi kabla ya kuwaruhusu kuingia karakana za mbao, chuma au ufumaji, na katika miaka ya mwanzo kila karakana iliongozwa na watu wawili, msanii na fundi. Josef Albers, aliyeanza kufundisha humo mwaka 1923, aliwapa wanafunzi karatasi tupu na kuwataka waikunje na kuikata hadi isimame yenyewe, pasipo kupoteza malighafi.

Zoezi la namna hiyo halihitaji benchi hata moja. Wape maboksi makavu yanayotupwa Kariakoo, wajenge kiti cha ukubwa halisi kisicho na gundi wala msumari, kisha kila mmoja akalie chake mbele ya wenzake. Boksi lina mifereji ndani yake: hukunjika kwa urahisi kuifuata mifereji hiyo, na hubeba uzito mkubwa zaidi mifereji inaposimama wima. Mwanafunzi akishalielewa hilo kwa mikono yake, somo la nyuzi za mbao litamwingia upesi.

Mhitimu:
Shikamoo, mwalimu. Ninafanya kazi katika ofisi ya usanifu wa ndani, na kwa heshima sikubaliani na kuiondoa kompyuta muhula mzima, kwa sababu anayechora kitu alichokwisha kukishika huchora kwa uangalifu zaidi. Wapeni kiti kibovu wakifungue, wapime kila kiungo, wakichore kwenye kompyuta kilivyo, ndipo wakitengeneze upya. Sisi tulichora viti kabla ya kuona ndani ya kiungo hata kimoja, na pengo hilo nililijazia kazini, mteja akisubiri.

Mwalimu wa Samani:
Marahaba, na ahsanteni nyote. Nitagawa darasa makundi manne, moja likae kwenye benchi na mabaki ya mbao, jingine lijenge kwa maboksi, la tatu lifungue viti vibovu na la nne lichore yaliyopimwa, halafu wabadilishane. Katika alama nitahesabu pia vipande vilivyovunjika, mradi mwanafunzi aandike vimevunjikia wapi na kwa nini. Fundi, je, unaweza kupokea vijana wachache kwako?

Fundi Keko:
Walete watano watano, mwalimu, asubuhi, na wavae viatu vya kufunika vidole. Mwisho wa mwezi usiwalete, oda huwa nyingi na sitapata nafasi ya kuwaelekeza.