Bando la usiku lilivyoniondolea usingizi. Tupeane uzoefu wa uraibu wa simu

Wakuu, heshima kwenu. Naanza mwenyewe, msinicheke.

Nilikuwa sina kazi, nikazoea bando la usiku kwa kuwa ndilo la bei chee. Lengo lilikuwa kujifunza ufundi wa friji. Naangalia somo moja, nateleza kwenye video fupi. Moja ikiisha nyingine inaanza yenyewe, nashtukia adhana ya alfajiri. Kazi nikaja kupata, bando la usiku nikaacha, kukesha hakukuniacha. Moyo unaenda mbio bila sababu, nagombana na konda kwa shilingi mia. Shangazi akasema nimerogwa. Nesi wa zahanati aliniuliza kitu kimoja tu: unalala saa ngapi? Nikamdanganya. Nilipofungua mipangilio ya simu nikakuta naitumia kwa masaa tisa na dakika arobaini kwa siku!

Sasa simu inalala sebuleni, mimi chumbani na saa ya mezani yenye kengele. Wiki ya kwanza nilihisi simu inatetema mfukoni na mfuko mtupu. Nimeshateleza mara mbili. Karibuni.

Mama Pacha: Mimi ilikuwa wakati wa kunyonyesha. Mkono mmoja mtoto, mwingine simu, natazama status za wenzangu waliojifungua juzi na wanameremeta, mimi kanga inanuka maziwa. Nikawa nalia chooni. Nikalaumu simu, nikaifungia kabatini, kilio hakikukata. Kliniki wakaniambia ni sonona ya baada ya kujifungua, nikapata ushauri nasaha. Simu ilikuwa inachochea kuni tu. Kwa hiyo dada zangu, msiishie kufuta programu.

Boda wa Ubungo: Mkisema tuzime simu, semeni na nani atalipa marejesho ya pikipiki. Wateja wananiita humo humo. Ila nakiri, niligonga nyuma ya daladala nikichungulia meseji ya kikundi, tena ya kichekesho. Nimefuta za video zote, zimebaki ramani na za kazi.

Mtu wa Tanga: Niko Muscat, kazi za ndani. Huku tumewatangulia saa moja, kwa hiyo nikimaliza vyombo mwanangu anakuwa bado hajalala, tunaongea. Hiyo simu msiniguse. Shida ni tukishakata. Chumba kinakuwa kimya, basi naingia kusoma watu nisiowajua wakitukanana mpaka saa nane. Asubuhi nina huzuni ambayo hata si yangu.

Mzee wa Hoja: Uzungu huo. Hakuna ugonjwa wa simu.

Mleta mada: Mzee, nusu uko sahihi. Kwenye ICD-11, orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani iliyoanza kutumika 2022, umo uraibu wa michezo ya kidijitali, simu yenyewe haimo. Ila mimi nilikuwa silali, orodha au bila orodha.

Mtu wa Tanga, jaribu kuiweka mbali na kitanda mkishaagana na mtoto. Pole sana dada.

Boda wa Ubungo: Mkuu, hiyo saa ya kengele umepata wapi?

Mleta mada: Kariakoo, Mtaa wa Kongo, kwa wamachinga. Ijaribu kabla hujalipa, yangu ya kwanza haikulia.