Mrejesho: vile vijiko vya nyanya ni fedha kweli

Ndugu zangu, asanteni sana. Niliuliza kama vijiko vidogo alivyotuachia nyanya hapa Nakuru ni fedha au bati la kung'aa tu. Mliniambia nitazame mgongo wa mpini kwa kioo cha kukuza, na alama zote zinazogongwa kwenye fedha halisi zipo!

Simba anayetembea: fedha ya asilimia 92.5. Nanga: vilipimwa Birmingham, Uingereza. Kuna pia kichwa cha Malkia Victoria, na hicho ndicho kilichonifurahisha zaidi, maana ni alama ya ushuru iliyokomeshwa mwaka 1890. Kwa hiyo vilitengenezwa kabla Reli ya Uganda haijafika huku! Herufi inayoonyesha mwaka vilipopimwa imelika, ila ya kijiko kimoja inasomeka kidogo.

Kimoja si ndugu yao. Kimeandikwa EPNS, yaani madini mengine yaliyopakwa fedha juu.

Sonara mmoja mjini alitaka kuvinunua kwa uzito tu, kila kimoja gramu 14. Nimekataa. Bei hiyo haihesabu umri wala alama. Na mama nimemwomba asivisugue kwa majivu tena, alama zisije zikafutika.